Aya Niliyoiruka

Jumapili, Kidete

Na bado alinishukuru. Hilo ndilo linaloniuma.

Mchana baba aliomba nimsomee ripoti yangu ya jiografia, ile ya mmomonyoko kando ya Mto Mkondoa ambayo mwalimu wetu wa kidato cha sita aliisifu darasani. Alizima redio ili asikie vizuri. Nilisoma mpaka nilipofika pale nilipoandika kwamba kingo zinabomoka kwa sababu ya wakulima wanaolima hadi ukingoni. Picha niliyobandika hapo ni ya shamba letu.

Nikafunua ukurasa unaofuata.

"Mbona hujataja shamba letu?" aliuliza.

"Nimelitaja kidogo, baba."

"Asante, mwanangu. Nilidhani umetusahau."

Jioni nilishindwa kuvumilia. Nilimfuata shambani, nikamsomea aya ile yote. Akasema, "Ni kweli tunalima hadi ukingoni. Lakini hukuniuliza kwa nini."

Nilihoji wakulima karibu kijiji kizima, na baba yangu sikumuuliza hata swali moja.