Kogo Amekataa Tiles

Baba Chelangat,

Nimeenda kuchuma chai kabla lori ya kubeba majani ifike. Githeri iko kwa sufuria, pasha tu. Na huyo ng'ombe wetu, Tamu, usimpeleke soko ya Mulot. ~~Kama ni lazima, uza.~~ Usiuze! Soma kwanza.

Asubuhi ulitoka ukibamiza mlango kwa sababu nilisema bajeti ya kuongeza chumba cha Kogo, mama yako, imetushinda. Hukujua Kogo mwenyewe alikuwa nyuma ya nyumba akiosha vibuyu vyake vya maziwa ya mursik, na alisikia kila neno. Uliposhika njia, akaingia akicheka. "Hizo tiles ni za nani? Mnataka niteleze nivunjike kiuno?" Anataka sakafu ya simiti tu, na mahali pa moto kwa kona, apate mkaa wa kupaka ndani ya vibuyu. Dari pia hataki. Eti moshi utapitia wapi?

Kwa hivyo futa tiles, futa dari, ongeza matofali ya meko. Bonasi ya chai itatosha na Tamu atabaki. Pigia fundi Nyang'au simu sasa hivi, kabla alipie hizo tiles. Na usimwambie fundi eti ni wewe ulifikiria kupunguza; ni Kogo!

Kitu kimoja tu Kogo amekataa tupunguze: dirisha. Anataka kubwa, liangalie jikoni kwetu, ndiyo tukigombana tena atusikie akiwa ameketi.

Mama Chelangat