Sahani ya Mokua

Sironga

Mwanangu Jasper,

Majani chai yamestawi na ng'ombe amezaa. Juzi yule mgombea urais asiye na chama alifika sokoni. Hakutuomba tuache vyama vyetu. Alisema, "Mshike mkono uliyegombana naye kwa ajili ya kura."

Nyuma yangu alisimama baba yako mdogo, Mokua. Tangu uchaguzi uliopita alikuwa hajakanyaga kwetu. Hata tulipomzika baba yako alisimama mbali. Akanishika mkono.

"Shemeji, umekonda."

"Ninakula peke yangu," nikamjibu.

Siku ya Sabato alikuja, tukala ugali na mboga ya chinsaga, akaondoka bila kusema kama atarudi. Kura yangu sijaiamua. Ila leo nimepika tena ugali wa watu wawili.

Mamako anayekukumbuka,
Bathsheba