Jana Chomba Alimkimbia Mama Mkwe

Jumatano, mwisho wa mwezi wa kumi. Joto kali. Mawingu yamejaa tangu asubuhi lakini mvua inatuchezea tu. Nina furaha isiyo na adabu.

Mashavu yananiuma kwa kucheka. Mkubwa wa ofisi kaniuliza kama nina habari njema ya familia, nikamjibu hapana, citoyen, yaani mwananchi, kama serikali inavyotaka tuitane, ni mambo ya televisheni. Kanitazama kidogo, karudi kwenye simu yake. Hana habari anazungumza na nani.

Ngoja nitulie nianze mwanzo.

Kila Jumanne baada ya habari, nyumba yetu hapa mtaa wa Makomeno, Lubumbashi, inaacha kuwa yetu. Mume wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kununua televisheni kwenye barabara hii, na tangu hapo jirani anaingia bila kubisha, kiti chake mkononi. Wanakuja kutazama *Lupango Moja*. Lupango ni kiwanja na nyumba yake, na mchezo wote unaishia humo ndani: Chomba, mfanyakazi wa kiwandani mwenye mdomo mrefu; mke wake Kabibi, mshonaji; na majirani wanaotega masikio ukutani. Ni mchezo wa siku nyingi. Ulipoanza, mwanangu Mwamba alikuwa mgongoni. Sasa ananipita urefu.

Na kwa kuwa ni wa siku nyingi, barabara yetu imegawanyika.

Kuna watu wa wakati wa Mzee. Mzee ndiye aliyeuanzisha, na hakuwahi kuandika neno. Aliwaita wachezaji, akawaambia leo Chomba anapoteza baiskeli, haya nendeni, na kila mmoja akatafuta maneno yake mwenyewe mbele ya kamera. Mchezo unarushwa palepale unapochezwa, ukikosea umekosea. Mkubwa wa kundi hili ni Mama Ngalula, muuza vitenge wa sokoni, mtu wa Kasai aliyezaliwa hapa hapa. Kwake yeye, kicheko cha kweli kilihama mji siku Mzee alipochoka akarudi kwao Kilwa, ile ya kwetu ya kando ya ziwa, kufanya biashara ya samaki.

Halafu kuna watu wa wakati wa Mwandishi. Huyu alikuja baada ya Mzee, bwana wa abakosti, ile suti yetu isiyo na tai, iliyonyooshwa vizuri, akaandika kila kitu mpaka kikohozi. Baba mmoja tunayemwita Tata Kalala, karani wa benki mjini, anamsifu hadi leo. Anasema hadithi ilikuwa na kichwa na miguu. Na kwa hilo ana haki, kwa sababu wakati wa Mzee jirani mmoja wa Chomba alitoka kwenda kununua chumvi na hajarudi mpaka sasa.

Mama Ngalula humjibu kwamba heri huyo aliyepotea na chumvi yake kuliko mkwe anayekula bukari na mama mkwe.

Maana Mwandishi alifanya hivyo. Alimkalisha Chomba mezani na mama yake Kabibi, uso kwa uso, wanapitishiana mboga na bukari, ugali wetu. Sebuleni kwangu wazee wawili walisimama wakatoka bila kuaga. Kwetu mwanamume hakutani hivi hivi na mama mkwe. Akimwona njiani anakata kona, na akiwa na neno la kumwambia analipitisha kwa mtu. Mwandishi alikulia humu humu, alilijua hilo vizuri kabisa. Alitaka tuonekane watu wa kisasa.

Tangu siku ile viti vilianza kupungua.

Mimi nilikuwa na maoni yangu, na nilikuwa nayo mapema kuliko wengine, kwa kuwa mimi ni daktilo, mpiga chapa wa ofisini, na Mwandishi alikuwa akileta kurasa zake nimpigie kwa mashine. Tata Mwape ndiye aliyekuwa akizifuata. Tata Mwape ni kiongozi wa wachezaji na ndiye Chomba mwenyewe. Mwandishi alipopata kazi Kinshasa akaondoka, Tata Mwape alikuja ofisini mikono mitupu, akasimama mbele ya meza yangu.

"Mama Mwamba, kila mara ulikuwa unapiga ile mashine na unakunja sura. Sasa utunge weye."

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Televisheni ilitaka kuwapa watu wa animasyo saa yetu, wale wa nyimbo na ngoma za chama, kwa sababu *Lupango Moja* haina watu tena. Walimkubalia Jumanne moja ya kujaribu. Watu wakirudi, mchezo unaendelea. Wasiporudi, Chomba amekwisha.

Niliogopa sana. Mimi si mtunzi, mimi ni mtazamaji mwenye mdomo. Kumsema anayepika ni rahisi kuliko kushika mwiko.

Kwanza niliandika maneno yote kama Mwandishi. Niliyasoma kwa sauti nikisonga bukari, na Mwamba akacheka mahali ambapo sikuweka kichekesho. Nikachana. Halafu nikataka kufanya kama Mzee, niseme tu "Chomba anauza kitu" na kuwaachia. Nikaona wazi jinsi kila mtu atakavyotoka kwenda kununua chumvi.

Mwisho nikapata njia yangu. Niliwaita mmoja mmoja, nikampa kila mmoja kile tu ambacho mtu wake anakijua. Tata Mwape nilimwambia: umeuza mashine ya kushona ya Kabibi, ukamdanganya kwamba mama yake ameiazima kijijini, leo unarudi nyumbani na furaha zako. Anayecheza Kabibi nilimwambia: jirani amekunong'oneza kwamba iliuzwa, lakini nyamaza, ngoja. Mama mkwe nilimwambia: umeshuka na treni, mashine hujaiona hata kwa ndoto, ingia ukae kwenye kiti cha Chomba. Niliwaapisha wasiambizane. Tata Mwape alinung'unika, kiongozi mzima anafichwa mambo ya nyumba yake, lakini alikubali.

Jana sikwenda studio. Nilitaka kuwa hapa, kwa sababu hukumu ilikuwa inatolewa hapa.

Walikuja wengi. Habari zilikuwa zimezunguka kwamba huenda ndiyo mara ya mwisho, na watu wetu hawakosi kuzika. Mama Ngalula alikaa mbele. Tata Kalala alikaa karibu na dirisha na miwani yake. Hakuna aliyejua kuwa ni mimi isipokuwa mume wangu, naye alikuwa anatoka jasho kuliko mimi.

Mchezo ukaanza. Mama mkwe akafika, akakalishwa kwenye kiti cha mwenye nyumba, akamwomba binti yake amshonee gauni. Kabibi akainamisha kichwa, akasema mashine haipo. Sebule ikaanza kusogea mbele kidogo kidogo. Nje ikasikika sauti ya Chomba anakuja anaimba.

Na hapo ndipo nilipoona nilichofanya.

Nilikuwa nimepanga Chomba aingie, amkute mama mkwe, akwame, adanganye tena. Wote watatu chumba kimoja, uso kwa uso. Mimi niliyemsema Mwandishi mpaka mate yakanikauka, nilifanya kosa lile lile la Mwandishi, na nililifanya bila hata kuwaza usasa. Nilisahau tu. Nilitaka kuzima televisheni.

Chomba akafungua pazia la mlango, akamwona mama mkwe, na akakimbia.

Hakucheza kukimbia. Tata Mwape mwenyewe, mwili wake wa mwanamume aliyelelewa vizuri, uligeuka kabla ya akili. Kiatu kimoja kilibaki mlangoni. Kamera ilibaki inatazama pazia linapepea, na hakuna mtu. Nikasema moyoni, basi, tumekufa.

Halafu kutoka nje, nyuma ya pazia, ikaja sauti ndogo.

"Kabibi. Umuambie mama kama namusalimia."

"Mama, Chomba anakusalimia."

"Umuulize, mashine ya mutoto wangu iko wapi?" akasema mama mkwe bila kugeuza kichwa.

"Anauliza mashine iko wapi."

"Umuambie iko kwa fundi. Mukono yake ilivunjika."

Kabibi neno lililofuata sikumpa mimi, na hakupewa na mtu. Akamgeukia mama yake, taratibu, kwa heshima zote, akasema: "Mama, anasema aliiuzisha."

Nje kukalipuka. "Haina vile nilisema!"

"Anasema feza yote alikunywa."

"Kabibi!"

"Anasema anaomba pardon."

Na yule bwana hawezi kuingia! Alikuwa na hatua moja tu ya kupiga ili aseme si kweli, na ile hatua hawezi kuipiga. Mkono wake ulitokeza kwenye pazia, ukarudi. Mama mkwe akajinyoosha kwenye kiti na kutuma jibu: "Umuambie sitoke hapa mpaka mashine inarudia." Mchezo ukaishia hapo, Chomba akiwa nje na soksi moja.

Mama Ngalula alikuwa chini sakafuni. Sisemi alikuwa anacheka sana, nasema alikuwa chini, na watu wawili wanamwinua. Tata Kalala alivua miwani akafuta macho kwa mkono wa shati lake, huku akisema "ah non, ah non", kama mtu anayetekenywa. Wale wazee wawili waliotoka siku ya Mwandishi, mmoja wao alikuwa anapiga goti lake na kurudia peke yake: "Anasema aliiuzisha. Anasema aliiuzisha."

Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Kisha ubishi ukaanza, kama kila Jumanne, na jana ulikuwa mtamu zaidi.

"Ni Mzee!" Mama Ngalula alisimama katikati. "Ametoka Kilwa! Ule mukono naujua, bantu banasema sawa bantu ya kweli!"

"Apana, mama," akasema Tata Kalala. "Mzee angesahau mashine katikati. Hii iko na plan. Ni Mwandishi njo alituma toka Kinshasa."

"Mwandishi? Ule wa kukulisha mukwe ku meza?"

Wakagombana hivyo. Mmoja anampa sifa muuza samaki, mwingine anampa mtu wa Kinshasa, na chumba kizima kinachagua upande. Nilikuwa nimejiambia nitanyamaza. Mwanamke mwenye heshima anangoja asemewe. Mume wangu akanitazama, akakohoa. Nikaona kwamba nikinyamaza jana, nitanyamaza siku zote, na kazi yangu itakuwa na baba wawili na mimi si mama yake.

Nikasimama. "Ni mimi."

Walicheka. Mama Ngalula akanipungia mkono: "Mama Mwamba, usituchezee, leta mayi."

Nikaenda kuleta maji. Naona aibu kuandika hivyo lakini nilienda kweli. Nikarudi na jagi, nikaliweka mezani kwa nguvu, yakamwagika. "Ni mimi njo nilitunga. Mwandishi iko Kinshasa, Mzee iko Kilwa, na mimi niko hapa."

"Ni yeye," mume wangu akasema. "Muone vile nimekonda. Siku hizi zote tunakula bukari ya kuungua."

Mama Ngalula alinitazama toka juu hadi chini, kama anavyotazama kitenge kabla hajasema bei. Nilingoja sifa. Hakunipa sifa.

"Basi," akasema, "Chomba atalala wapi?"

"Mutaona."

"Weye! Unaacha tata ya batoto inje na mbu?"

Hapo wakasimama wote. Chomba asameheweje? Kabibi alifanya vizuri au alizidisha? Mashine nani kaichukua? Tata Kalala alinivuta pembeni akaniomba nimwambie yeye peke yake, sikioni, kwa Kifaransa. Nilikataa. Walinigombeza vile walivyomgombeza Mzee na vile walivyomgombeza Mwandishi, bila huruma na bila tofauti, na mimi nilisimama katikati ya sebule yangu nikipokea kila neno kama zawadi. Mama Ngalula alikuwa wa mwisho kutoka. Mlangoni akageuka kwa watu: "Wakati ya Mama Mwamba itatuua."

Wakati wa Mama Mwamba. Nimeliandika ili nilione.

Leo mchana Tata Mwape kaja ofisini. Amevaa kiatu kimoja kipya na kingine cha zamani, sikumuuliza. Kasema televisheni imekubali: animasyo imetafutiwa saa nyingine na Jumanne inabaki yetu. Nilimshika mikono yote miwili mbele ya watu. Nilidhani amemaliza, nikavuta kiti changu nirudi kazini, lakini hakuondoka. Alikuwa anazungusha kofia yake mikononi.

"Mama," akasema chinichini, "sasa mi nililala wapi?"

Mtu mzima, kiongozi wa kundi, Chomba mwenyewe, amesimama mbele ya mashine yangu ya kupigia ananiuliza alilala wapi. Nilimwambia kwa sauti ya kazi kwamba ataarifiwa, kama wenzake. Akaitika, ndiyo mama, akaenda zake.

Sijui alilala wapi. Nimekaa hapa tangu jioni na sijui kabisa. Lakini Lubumbashi nzima, ni mimi peke yangu mwenye haki ya kusema.