Leteni Mbegu

Jumatatu, 3 Machi 1997. Malukhu, Mbale

Posho na maharagwe tena. Nimefua, nimedeki, nimeteka maji mara mbili. Mafabi, mwenzangu wa kundi, bado ana malaria, kukaa tu hawezi. Kwa hiyo kesho Namatala naenda mimi. Sipendi. Yeye ni Mgisu, anajua kuongea na kina mama wa kule. Mimi nina Kiswahili tu. Baba wa Lira, mama wa Soroti, nyumbani tunaongea Kiswahili cha kambi ya magereza, basi.

Kazi yenyewe si ngumu. Kundi letu, vijana wa Mbale na wenzetu wa Jinja, tunataka kuwa na ghala la mbegu za kienyeji. Kila mkulima anatoa kidogo, tunabadilishana, asiye nazo anapata. Watu waache kununua kila msimu zile za dukani ambazo nusu haioti. Naamini jambo hili kuliko ninavyoamini mahubiri. Mama asisome hapa.

Jumanne, 4 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nilivaa koti la baba. Kina mama kama ishirini walikuwa kwenye mashamba yao kando ya kinamasi. Nilipanda juu ya tuta wanisikie. Nikasema: Wamama, leteni mbegu. Kesho saa mbili asubuhi, hapa hapa. Kila nyumba.

Hakuna aliyeuliza. Mafabi alinionya kwamba watauliza mpaka nichoke. Dakika tano nimemaliza. Labda mimi ni hodari kuliko Mafabi.

Jumatano, 5 Machi

Wameleta. Saa mbili kamili, hata mmoja hakuchelewa. Uganda hii?

Nilitegemea kikombe kimoja kimoja. Wameleta vifurushi, vibuyu, mafungu ya mahindi yenye maganda yake. Mama Nambozo, yule mzee mwenye jicho moja jeupe, aliweka chungu kizima cha maharagwe mbele ya miguu yangu, akarudi kinyumenyume bila kunipa mgongo. Nilikuwa nimekaanga karanga za kuwakaribisha. Hakuna aliyekaa. Karanga nimezila peke yangu mpaka tumbo likauma.

Ningepaswa kufurahi. Nimefurahi. Sijui.

Alhamisi, 6 Machi

Nusu ya mbegu imepanda lori kwenda Jinja, kwa Zaituni wa Mpumudde. Ndiye anayeongoza wenzetu wa huko. Wana shamba nyuma ya shule.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua nzuri. Malukhu kila mtu anapanda, hata kwenye makopo. Nimepita Namatala. Matuta safi, udongo mweusi, na hakuna anayepanda. Nimemsalimia mama mmoja njiani, akatazama chini. Nimemkosea nini?

Alhamisi, 13 Machi

Mashamba bado matupu. Naanza kuwakasirikia. Wavivu? Mvivu halimi matuta yale. Wamegoma? Wanamgomea nani? Baba anasema maharagwe yasipoingia ardhini kabla ya mwisho wa mwezi, wasahau. Na mwezi wa sita watakula nini? Hilo hakuna anayeniambia. Hakuna anayeniambia chochote.

Jumamosi, 15 Machi

Mafabi amepona, amebaki mifupa. Asubuhi alikwenda Namatala peke yake. Aliporudi alikaa kizingitini kwetu, kichwa magotini, mpaka nikaogopa malaria imerudi. Halafu akaniuliza siku ile nilivaa nini. Koti. Koti gani? Nikamwonyesha. Linaning'inia ukutani, kaki, vifungo vya serikali. Akauliza niliwaambiaje. Nikasema: leteni mbegu. Akafunika uso kwa mikono.

Zamani za utawala wa wanajeshi ndivyo ilivyokuwa, kasema. Mtu wa kaki, Kiswahili, leteni. Leteni kuku, leteni mahindi. Mume wa Mama Nambozo alificha gunia moja. Wakamchukua, hakurudi.

Kwa hiyo walileta zote. Hawakubakiza hata punje ya kupanda. Wanamshukuru Mungu kwamba sikuingia kupekua nyumba.



Jumapili, 16 Machi

Kanisani sikwenda. Nimeshinda na neno moja. Leta. Kwetu kila mtu anasema leta. Leta chai. Leta mtoto nimbebe. Leta mguu nione kidonda. Mama amenilea kwa neno hilo. Sasa ni neno la bunduki? Yote mawili? Na nitajuaje ni lipi limetoka mdomoni mwangu?

Neno naomba najua kuliandika. Tulifundishwa shuleni. Kulisema, sikumbuki kama nimewahi.

Namkasirikia baba. Hajafanya kitu. Koti ni la kazi yake ya magereza tu, na mvua ilikuwa inanyesha. Namkasirikia hivyo hivyo.

Jumatatu, 17 Machi. Jinja

Nimefika Mpumudde saa nne kuzifuata zile mbegu, matako yanauma kwa basi na boda boda. Zaituni na wenzake wamekwisha kupanda karibu zote walizopata. Zimeota, majani mawili mawili, zinapendeza. Nilitaka kuzing'oa. Nilikuwa nimeshainama. Zaituni akanishika mkono, akaniuliza nikishang'oa nitampa nani miche iliyokufa.

Hakunigombeza. Ni binti wa mfanyabiashara, amesoma madrasa, Kiswahili chake kinateleza. Tumezunguka naye nyumba kwa nyumba. Anasalimia, anauliza habari za wagonjwa, anakaa. Ndipo anasema naomba. Jioni tulikuwa na gunia la maharagwe ya Jinja, madogo, mekundu. Njia nzima nilikuwa nyuma yake nikijaribu neno lile polepole. Linanikaa mdomoni vibaya.

Jumanne, 18 Machi. Mbale

Wamekataa.

Tulipeleka Namatala gunia la Jinja pamoja na mbegu zao zilizobaki kwetu. Mafabi alieleza yote kwa Kigisu. Hakuna aliyegusa. Mama Nambozo alisema kitu, Mafabi hakutaka kunitafsiria, nikamlazimisha. Amesema: leo huyu anarudisha, kesho atakuja kuangalia nani amepokea.

Tumerudi na kila kitu. Sielewi nifanye nini. Nikiongea, mimi ni askari. Nikinyamaza, mimi ni askari aliyenyamaza. Siku zinakwisha na udongo unangoja.

Alhamisi, 20 Machi

Leo nimekwenda peke yangu. Manyunyu. Koti nimeliacha ukutani. Miguu mitupu, jembe, na chungu cha Mama Nambozo mwenyewe. Maharagwe yake hayakwenda Jinja, bahati tu.

Alikuwa shambani mwake, anang'oa magugu ambayo hayapo. Nikasema mulembe, salamu ya Kigisu, hiyo najua. Hakuitika. Nikakaa chini kwenye matope, chini yake. Nikasema: Mama, naomba nikupandie. Imetoka kama mtu mwenye jiwe mdomoni. Sijui alielewa. Alikaa akitazama miguu yangu, muda mrefu. Halafu akasogea kidogo, akaniachia tuta.

Nikaanza. Alinifuata nyuma. Nilipofukia ndani mno, alifukua kwa kidole cha mguu, akarekebisha. Mistari yangu ilikuwa inakwenda kama ng'ombe mlevi. Tuta la pili alichukua jembe akachimba yeye, mimi nikabaki na chungu.

Hapo akanyoosha mkono nyuma, bila kunitazama. Akasema: Leta.

Kwa Kiswahili. Nilisimama kama nguzo. Sijui alikuwa ananitania, au ananipima, au ndicho Kiswahili pekee alicho nacho. Akatikisa vidole. Leta. Nikamwekea maharagwe kiganjani, matano, sita. Akapanda, akanyoosha tena.

Mchana mama wawili walisimama ng'ambo ya mtaro, wakatutazama. Mmoja akaondoka. Akarudi na beseni tupu, la kutilia mbegu.

Nimefika nyumbani na matope mpaka magotini. Baba alikuwa ametoka zamu, ameketi mlangoni anavua buti. Akasema, leta maji ninawe. Nikampelekea, na sabuni.