Joto la Homa na Fuwele ya Kromi

Mwanangu Tusekile,

Bibi ameniambia kwamba siku hizi unasoma hata magazeti yanayofungiwa maandazi, ndiyo maana nakuandikia. Kwenye simu huwa tunaulizana habari za shule na mvua, kisha unamrudishia Bibi simu yake.

Nilikuacha Itaka hujatimiza miaka mitatu. Nilikuwa nimepata nafasi ya kusoma Afrika Kusini, na Bibi akasema, "Nenda, mtoto hatalala njaa hapa." Kweli hukulala njaa. Nilirudi kila Desemba, na kila Desemba nilikuta mtoto mwingine.

Unakumbuka likizo hii iliyopita? Ulikuwa uani unaosha vyombo, ukaniuliza ninasomea nini miaka yote hii. Nikakuonyesha kipande cha fuwele kilichovunjika maabara. Ni kromi, ile metali inayong'arisha bampa za malori kule Tunduma, ila hii imechanganywa na metali nyingine kidogo. Ulikimbia kuleta sumaku uliyoitoa kwenye spika mbovu ya redio. Haikunasa.

"Sumaku haikitaki," ulisema.

Nikakueleza kwamba ndani yake mna sumaku ndogondogo mno, kila moja imeelekea kinyume na jirani yake, kwa hiyo nguvu zao zinafutana.

"Zimegombana?"

"Hapana. Ndivyo zinavyokaa."

Ulicheka, ukaniomba nikueleze tena. Nilidhani sasa tumeanza kuzoeana.

Wiki ile ile ukashikwa homa. Nilikuwekea kipimajoto kwapani, nikakitoa, nikasoma thelathini na nane. Mwanangu, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani hakikuwa wewe. Kromi tupu ikifika kwenye joto hilohilo, mpangilio wa zile sumaku zake huvurugika, na fuwele yenyewe hulegea kidogo. Tunapitisha sauti ndani yake na kusikiliza inavyochelewa kutoka. Kazi yangu ni kupima joto hilo linapanda au kushuka kiasi gani tunapoichanganya na metali nyingine. Nilisimama pale kando ya kitanda, kipimajoto mkononi, nikiwaza maabara.

"Kinasema ngapi?" Bibi aliuliza. Ikabidi aulize tena.

Nilipomjibu, alikuwa ameshakufunga mgongoni kwa kanga. Nilinyoosha mikono nikubebe mimi. Ulifumbua macho, ukanitazama, kisha ukaficha uso shingoni mwake ukisema, "Mama, twende." Ulikuwa unamwambia yeye. Nikawafuata nyuma hadi zahanati nikiwa nimebeba chupa ya maji. Muuguzi alipouliza kama umewahi kuugua malaria, nilimgeukia Bibi. Bibi ndiye aliyejibu.

Ulipona, likizo ikaisha. Mlinisindikiza hadi Tunduma, na nilipoelekea mpakani ulinipungia mkono kwa adabu, kama mtu anayeaga mgeni. Hukulia. Naona aibu kukuambia kwamba nilitamani ulie.

Tangu nirudi huku, vipimo vimekwenda vizuri. Wenzangu wananipongeza, nami nashukuru, halafu nikikaa peke yangu nauona ule mkono wako. Siichukii kazi hii, Tusekile. Naipenda, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana ningekuwa naichukia ningekuwa na la kujitetea.

Juzi profesa wangu aliniambia nikimaliza nibaki, kuna utafiti mwingine wa miaka kadhaa. Nikamwambia nakwenda nyumbani, na hata ripoti ya vipimo hivi nitaiandika nikiwa Itaka. Akaniuliza, "Kule una maabara?" Nikamwambia nina mtoto. Akasema nafasi kama hii haitarudi. Huenda ni kweli. Usije ukadhani wewe ndiye uliyeninyima. Nimeamua mwenyewe, na ningekuwa mtu bora ningeamua mapema.

Nitafika kahawa zikianza kuiva. Sitakuhamisha kitanda wala kukutenga na Bibi. Wala usijilazimishe kunikimbilia stendi kwa sababu watu wanatazama. Nitakaa jikoni nikimenya viazi, na siku utakayotaka kukaa karibu yangu, kigoda kitakuwepo. Usipotaka, nitaendelea kumenya.

Msalimie Bibi, na umsaidie kuteka maji.

Ni mimi, niliyekuzaa.