Kilio cha Bi Harusi

Tarehe 3 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mimi mzima, mgongo tu unanikumbusha kwamba saruji si pamba.

Nina habari ya kukuchekesha. Watu wa filamu wamekuja karibu na tunapojenga, wakatafuta mtu anayejua punda. Wenzangu wakaninyooshea kidole: "Huyu hapa, wamefanana mpaka masikio!" Nikachukuliwa. Sasa kazi yangu ni kumlisha punda, kumsugua na kulala naye bandani. Tunamwita Bi Harusi, maana haendi popote mpaka abembelezwe.

Filamu yenyewe ni ya mzee mpweke na punda wake, jinsi wanavyopendana. Anayeigiza huyo mzee ni mwigizaji mwenye jina kubwa, lakini punda anamwogopa. Anayemfuata ni mimi. Nikienda chooni ananisubiri mlangoni, watu wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Waambie majirani wanisubiri kwenye televisheni.

Mwanao


Tarehe 29 Machi

Mwanangu,

Marahaba baba. Goti linanitii asubuhi, jioni linaniasi. Barua yako nimeisoma nikacheka peke yangu kama kichaa.

Fundi cherehani anasema filamu ikitoka atawasha televisheni dukani kwake, mtaa mzima uone. Huyo Bi Harusi mpe maji kabla hujanywa wewe. Na kama amekuzoea hivyo, mwangalie vizuri, hana mwingine huko.

Mama yako


Tarehe 17 Septemba

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya wangu. Niko salama, nimerudi kwenye matofali.

Filamu imetoka. Tumeitazama hapa bwenini. Watu wamelia, hata msimamizi wetu, yule asiyelia hata tofali likimwangukia mguuni, alijifuta kwa kofia. Mimi nilitoka nje, nikasingizia tumbo. Sasa wanataka kutengeneza ya pili na wananiita tena.

Si lazima uitazame, mama. Sauti yenyewe mbaya, na mimi sionekani.

Mwanao


Tarehe 8 Oktoba

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila sina raha.

Tumeitazama. Duka lilijaa mpaka watu wakakalia meza ya cherehani. Pale mzee anapoondoka kwa gari, na punda anavuta kamba na kupiga kelele, wanawake wote walilia. Jirani yangu akanipiga kikumbo: "Shoga, mwanao ana bahati, kafanya kazi na punda mwenye mapenzi!"

Mimi sikulia. Nilikuwa naangalia mguu wa punda, pale ulipofungwa kamba. Sisi tunamfunga punda kwa fundo linalolegea akivuta kwa nguvu, marehemu baba yako alikufundisha hujaota hata ndevu. Pale niliona tanzi, linalobana kila anapovuta. Tena filamu nzima punda yule akimwona mzee analaza masikio kwa woga. Imekuwaje ghafla amlilie? Na huyo mtu garini, aliyeonyeshwa mgongo tu, bega lake moja limeshuka. Bega hilo nalijua tangu nikiliogesha.

Usinijibu kwa mzaha.

Mama yako


Tarehe 30 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Natumaini umeamka vizuri, ingawa barua hii haitakuacha vizuri.

Ni mimi. Mwigizaji alipoondoka, Bi Harusi aliendelea kula majani, hana habari naye. Mkuu wa watu wa filamu akaniambia, "Anakupenda wewe. Vaa koti la mzee, panda gari." Nikamfunga kwa fundo letu. Akalilegeza, akalikimbilia gari. Watu wakacheka, na mimi nikavimba kichwa. Mkuu hakucheka. Akasema, "Funga linaloshika."

Nikafunga, mama. Gari likaondoka, akaanza kulia. Niliambiwa nisigeuke. Sikugeuka. Wakasema, "Safi sana, turudie." Nikapanda tena. Mguu ulikuwa umechanika, wakaupaka matope usionekane. Hakuna aliyenishikia fimbo. Nilitaka tu waone kwamba na mimi ni mtu wa maana.

Nilipopata barua yako nilikwenda anakofugwa, wanamtunza kwa ajili ya filamu ya pili. Njia nzima niliomba anipige teke, au anigeuzie mgongo, nijue tumemalizana. Aliponiona alikuja mbio huku anachechemea, akanisukumia kichwa kifuani. Sikujua niuweke wapi uso wangu. Nilitazama mguu. Jeraha limefunga, ila manyoya hayajaota.

Mkuu alikuwepo. Nikamwambia kazi yake siifanyi. Akasema, "Acha maringo, bila wewe huyu halii." Nikamjibu, "Ndiyo maana siifanyi." Akasema basi nisikanyage tena pale. Kwa hiyo hataumizwa kwa ajili yangu, na sitamwona tena. Watu wa dukani waambie yote, mimi sina mdomo wa kuwaambia.

Nilipoondoka alinifuata kwa ndani ya uzio mpaka uzio ukaisha, akasimama pale na masikio yake juu. Hajui, mama. Mpaka leo anafikiri iliyomuumiza ni kamba.

Mwanao