Mama mkwe na bolti za injini

Ndugu yangu, nimekwisha. Nimekwisha kabisa!

Si unajua nilifungua injini ya lile gari kuukuu ninalojifurahisha nalo? Bolti zote nilizichomeka kwenye boksi, kila moja mahali pake, nisije nikazichanganya.

Nimetoka kazini, boksi halipo. HALIPO!

Mama mkwe huyo, meno yote nje: "Mwanangu, nimekusafishia gereji! Vyuma vyako nimeviosha kwa sabuni, vyote nimevitia kwenye kopo. Lile boksi chafu nimelichoma."

Vyote. Kopo moja!

Sasa mkwe utamwambia nini? Nikasema, "Asante sana, mama."

Afadhali ningenyamaza. Amefurahi huyo, kajifunga kibwebwe, namwona anaiendea injini yenyewe na ndoo ya maji.